Kona ya Juu, Mkono wa Kulia

Vijana wa kitengo cha muziki pale Chake Chake waliponiomba niwaandikie kumbukumbu zangu za kazi, walinisihi niandike kwa upole. Nimejaribu. Nimechana karatasi tatu za upole, na sasa naandika kama ninavyosema, maana tangu nistaafu nina hasira na sina pengine pa kuiweka. Vyeo nilivyopata havimhusu mtu. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuandika nota za nyimbo, ili mtu aliyeko Wete aweze kupiga kilichoimbwa Mkoani bila ya mimi kusimama pembeni nikimwimbia sikioni. Nilianza kwa kalamu, nikamaliza kwa kompyuta, na vyote viwili vimenitia aibu, kila kimoja kwa zamu yake.

Siku ya kwanza nilipokewa na Maalim Bakari, mpiga fidla, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi. Hakuniuliza habari za nyumbani. Alinipa kitu alichokitengeneza mwenyewe: kalamu tano za wino zimefungwa kwa uzi kwenye kipande cha ubao, ukivuta mara moja unapata mistari mitano ya nota. Akakiita reki. Akasema, "Piga mistari." Nikapiga mistari wiki nzima, karatasi juu ya karatasi, bila kuandika hata nota moja. Siku ya sita nikamuuliza nota nitaanza lini. Akanitazama, akasema, "Kwani mistari umeshaijua?" Nilikuwa sijaijua. Yangu ilikuwa inapanda upande wa kulia, kama inataka kutoka nje ya karatasi.

Somo la pili lilikuwa la kugeuza ukurasa. Maalim alinipa sahani ya halua mkono wa kushoto na kikombe cha kahawa ya moto mkono wa kulia, akaniwekea karatasi mbele, akasema, "Geuza." Nikamuuliza, "Kwa mkono gani, Maalim?" Akasema, "Ahaa. Na mpiga fidla je?" Basi. Tangu siku ile sikuwahi kumaliza ukurasa katikati ya nota zinazokimbia. Nilimaliza pale mpigaji anapopumzika, hata kama chini ya karatasi pamebaki nafasi ya viganja viwili. Watu wa ofisini walilalamika kuwa nafuja karatasi. Niliwaambia waje washike sahani na kikombe.

Wimbo mmoja wa wapigaji tisa ulitaka karatasi tisa, kila mmoja na yake: fidla, ganuni, udi, akodiani, dumbaki na wengineo. Zote kwa mkono. Kila karatasi ilikuwa na utaratibu wake. Kona ya juu kushoto, jina la ala. Katikati, jina la wimbo. Kona ya juu mkono wa kulia, jina la mtunzi. Hapo Maalim alikuwa hana mchezo. "Kona hii ni ya mwenyewe," alikuwa akisema, na ukisahau alikurudishia karatasi zote tisa.

Lakini kulikuwa na nyimbo ambazo kona ile tuliiacha tupu kwa makusudi, na Maalim mwenyewe alikubali. Zilikuwa nyimbo za wanawake wa majumba ya heshima. Mwanamke ametunga, ameutia sauti tamu, lakini baba au kaka hataki kusikia jina la nyumba yake likitajwa kwenye kilabu cha taarabu. Basi wimbo ulitoka, jina likabaki ndani. Wenye kujua walijua, na wasiojua hawakuuliza. Ndivyo tulivyokuwa, na sikuona ubaya wake. Niliona ni adabu.

Hivyo ndivyo nilivyopelekwa Wawi kwa Bi Mize. Kaka yake alikuwa mwalimu wa chuo, amesomesha Kurani nusu ya mji, mtu anayeheshimiwa kweli, na hakuwa na habari kwamba dada yake anatunga. Nilikwenda asubuhi wakati yeye yuko chuoni na wanafunzi wake. Nikakaa ukumbini na daftari langu. Bi Mize alikuwa nyuma ya pazia. Kati yetu alikaa shangazi yake akikata mchicha, na jicho lake halikuondoka kwenye penseli yangu.

Wimbo uliitwa "Mlango Nimeurudisha". Ni wa mtu anayemngojea mwenziwe: mlango kaurudisha tu, komeo hajatia, ili yule akija asisumbuke kubisha. Bi Mize akaimba. Mstari wa tatu ukanipita. Nikasema, "Rudia hapo, Bi Mize, tafadhali." Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Unaandika au unachora?" Shangazi akacheka mpaka mchicha ukamwagika. Nikaandika, nikamrudishia kwa kuimba, akanisahihisha. Kulikuwa na nota moja ambayo kila nilipoiimba alisema siyo. Nikiipandisha, siyo. Nikiishusha, siyo. Ilikuwa katikati, imeshuka kidogo tu, robo ya sauti, na pale ndipo wimbo wote ulipokuwa umekaa. Hatimaye nikaipata, nikaitia alama yake, na pazia likanyamaza. Nilijua nimepasi.

Nilipoinuka akasema, "Sharti moja. Usitie jina langu maadamu kaka yangu yu hai." Nikampa neno langu. Nikaandika karatasi tisa na kona ya kulia nikaiacha nyeupe. Wimbo ukaenda kisiwa kizima. Kaka yake mwenyewe nilimsikia arusini, Pujini, akiyasifu maneno yake na kuuliza katunga nani. Nilitazama viatu vyangu. Neno nililiweka, na nilijiona mtu mwema sana.

Kisha ikaja kompyuta. Ililetwa na mgeni kutoka nje pamoja na programu ya kuandikia nota. Alitufundisha wiki moja, akapiga picha na sisi, akaondoka, na sisi tukabaki na mashine inayojua kila kitu isipokuwa muziki wetu. Sitaki mniambie mambo ya maendeleo. Nimeitumia programu ile miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu, na kila asubuhi nilikuwa nagombana nayo.

Kwanza, karatasi. Programu ilikuja imewekewa kipimo cha karatasi ya Kimarekani, fupi na pana, na sisi tunatumia A4. Kwa muda mrefu pembeni zilitoka zimebanwa na hatujui kwa nini. Tukailaumu printa, tukalaumu wino, tukalaumu unyevu, kumbe ni kisanduku kimoja cha kubonyeza. Pili, kurasa. Programu inagawa kurasa kwa hesabu ya nafasi, basi inakumalizia ukurasa pale fidla inapokimbia mbio. Tatu, maneno. Ukitaka jina la wimbo kwa herufi za Kiarabu, ilizitoa herufi moja moja, zimeachana na zimegeuka nyuma mbele, kama watu walionuniana. Nikawa nachapa karatasi bila ya jina, kisha naliandika kwa mkono. Na nne, ile robo ya sauti. Alama yake ilikuwemo, imefichwa ndani ya menyu ndani ya menyu, na ukilifungua faili kwenye kompyuta nyingine inageuka mraba mtupu, au inapotea kabisa, nota inabaki uchi, na kijana aliyezaliwa juzi anakwambia, "Mzee, mbona kompyuta inaipiga hivi?" Kompyuta inaipiga hivyo kwa sababu haijawahi kukaa Wawi nyuma ya pazia. Imba. Una mdomo. Imba kwanza ndipo uchape.

Hata hivyo nilizihamisha nyimbo zote za kwenye karatasi, moja baada ya moja, nota kwa nota, kama zilivyokuwa. "Mlango Nimeurudisha" niliuhamisha wiki ile printa ilipokwama na karatasi tumboni. Naikumbuka wiki hiyo kwa sababu ndiyo aliyofariki kaka yake Bi Mize. Nilikwenda mazikoni Wawi, nikakaa hitimani, nikarudi kazini, na printa ilikuwa bado imekwama.

Miaka ikapita hivyo, nikifundisha vijana na kugombana na mashine, mpaka zamu yangu ikaisha. Niliyemwachia kiti ni Khatib. Nitasema ukweli wake: ni kijana hodari, ana sikio zuri, na alivumilia sahani na kikombe bila kununa. Kosa lake ni kuamini kioo cha kompyuta. Nikaenda zangu nyumbani, kwenye mikarafuu yangu, nikidhani nimemaliza.

Baada ya miezi michache kitengo kikachapa kitabu. Nyimbo za kisiwa zilizokuwa kwenye kompyuta, zote, zimepangwa vizuri, jalada gumu, kimegawiwa skuli na vilabu kutoka Shumba mpaka Mkoani. Siku ya kukizindua ilikuwa mchana, ukumbini Chake, na mimi nilialikwa nikakalishwa mbele. Bi Mize alikuwa upande wa wanawake, safu tatu nyuma, na mjukuu wake. Mtu mzima sasa, lakini amekaa wima.

Wakapiga "Mlango Nimeurudisha". Nilikaa nimekaza masikio nikiingojea ile nota, nimejiandaa kukasirika. Wakaipiga sawasawa. Khatib alikuwa ameilinda. Nikalegea kwenye kiti, wallahi nikataka kulia kwa furaha. Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti, kitabu mkononi, akasoma: "Huo ni wimbo wa asili wa kisiwa chetu. Mtunzi wake hajulikani."

Nikageuka. Bi Mize hakugeuka kulia wala kushoto. Alivuta buibui lake mbele kidogo, kisha akapiga makofi pamoja na watu. Wimbo wake mwenyewe, ameketi mle ndani yu hai, anaupigia makofi kama mgeni mwalikwa. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini lile lilinichoma na linanichoma mpaka sasa. Nikafungua kitabu nilichopewa. Kona ya juu, mkono wa kulia, imechapwa kwa wino mweusi: Asili. Ati asili. Kama kwamba wimbo umeota wenyewe, kama majani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kabla hawajafungua madirisha. Khatib akainuka. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani kaandika neno hili?"

Akatazama kidole changu kilipo. "Mie, Mzee."

"Na nani kakwambia wimbo huu hauna mwenyewe? Mwenyewe alikuwa ukumbini jana. Amekupigia makofi. Kilabu kizima kinajua wimbo wa nani, wewe peke yako hujui? Umekaa na mimi miaka yote hiyo nikikwambia kona hii ni ya mwenyewe, halafu siku nimegeuza mgongo unatia neno la uvivu, unawachapia skuli zote uvivu wako." Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa. Watu wa chumba cha pili walikuja wakasimama mlangoni. Khatib aliningoja mpaka nilipoishiwa pumzi.

Kisha akafungua kompyuta. Akaufungua wimbo. "Hili ni faili lako, Mzee, kama ulivyoliacha. Tazama kona." Kona ilikuwa tupu. Akafungua kabati, akatoa zile karatasi tisa za zamani, mkono wangu, mistari yangu ya reki. Akaniwekea moja moja mezani. Tisa, zote tupu kulia.

"Programu tuliyopangia kitabu haikubali patupu," akasema taratibu. "Ukiacha, inachapa neno lake la Kizungu mahali pa mtunzi. Tungechekwa."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza, Mzee. Nilikupigia simu. Ulikuwa shamba. Nikakwambia nyimbo kumi na moja hazina jina la mtunzi, nifanyeje. Ukaniambia, 'Acha kama ilivyo, usitie mkono wako kwenye kazi yangu.' Ukakata."

Nilikumbuka. Nilikuwa juu ya ngazi, mkono mmoja nimeshika tawi la mkarafuu, na nilidhani ananiuliza tena mambo ya kipimo cha karatasi. Sikumwomba Khatib radhi siku ile, na naiomba hapa, mbele ya wenzake, maana mbele ya wenzake ndipo nilipomtukana.

Nilitoka nikaenda Wawi moja kwa moja na kitabu kwapani. Bado nilikuwa nimekasirika, ila sasa sikujua nimkasirikie nani. Bi Mize alikuwa ukumbini, ukumbi ule ule, pazia halipo tena. Akanikaribisha, mjukuu wake akaleta chai. Nikaanza kueleza: programu, kisanduku, vijana, simu, ngazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, "Na mie neno lako nililiweka, Bi Mize. Uliniambia nisitie jina."

"Nilikwambia nini?" akauliza. "Sema lote."

Nikasema, "Maadamu kaka yako yu hai."

"Kaka yangu kafa zamani," akasema. "Mjukuu wangu huyu hajazaliwa. Wewe ulikuja mazikoni. Hitimani ulikaa pale, karibu na mlango. Nikajua hili limekwisha, sasa atakuja kuniuliza. Nikangoja. Mwezi, mwaka. Nikasema labda ana kazi nyingi. Nikisikia wimbo arusini nasema, safari hii wametia jina. Hamkutia." Akasogeza kikombe chake. "Mie si mtu wa kukufuata wewe ofisini nikakudai jina langu. Ilikuwa ni wewe uje."

Kuna wakati mtu anatafuta printa ya kuilaumu na hakuna. Miaka yote ile nilijisifu kwamba nimetunza siri ya mwanamke, kumbe siri ilikwisha muda wake na mimi nikaendelea kuinakili kwenye kompyuta, kwa uangalifu mkubwa kabisa. Nota ya robo sauti niliipigania mpaka ndani ya menyu. Mwenye nota sikurudi kumuuliza neno moja.

Nikamwambia, "Nisamehe, Bi Mize. Nitie sasa?"

"Kalamu unayo?"

Ninayo siku zote. Nikafungua kitabu juu ya goti, nikalikata lile neno kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake Mize. Akainama kutazama. "Na jina la baba." Nikaandika Mize binti Kombo. Nikauliza kama anataka na kwa herufi za Kiarabu, akasema ndiyo, nikaandika, na herufi zikashikana kama inavyotakiwa. Alilisoma kwa kidole, kulia kwenda kushoto, mara mbili. Kisha akafunga kitabu, akakiweka pajani mwake, hakunirudishia.

"Na hivyo vyengine?" akauliza.

"Vimeshagawiwa, Bi Mize. Viko skuli, viko vilabuni. Viko Pujini, viko Shumba, viko kila mahali. Khatib ataligeuza faili leo, na watakapochapa tena—"

"Miguu unayo," akasema.

Basi hiyo ndiyo kazi ninayoifanya sasa, mnaoniuliza nimestaafu nafanya nini. Naingia skuli, naamkiana na mwalimu mkuu, naomba kitabu, nakata neno, naandika jina, natoka. Na zile nyimbo nyengine kumi nazishughulikia, nyumba kwa nyumba. Wawili wa wenyewe nimewakuta wameshazikwa, na mmoja amenikatalia, hataki jina lake, na nimemwambia nitarudi mwakani kumuuliza tena. Khatib amenisaidia kupata orodha ya mahali vitabu vilipokwenda. Faili amelirekebisha. Ninyi mnaokuja, wekeni A4, gawanyeni kurasa kwa mikono ya mpigaji, imbeni kabla ya kuchapa. Na mkiona kona tupu katika mkono wa mzee yeyote, pamoja na mkono wangu, msiiache kwa adabu na msiijaze kwa uvivu. Vaeni viatu.

Juzi nilipita Wawi kumwambia Bi Mize kwamba Pujini nimemaliza. Nilidhani nitaambiwa ahsante, nikae, ninywe chai. Alikuwa barazani anachambua mchele, na hakuinua kichwa.

"Na Shumba?" akasema.

Kesho nakwenda Shumba.